Nilipenda Nilichopaswa Kuchukia

Nilidanganya nikiwa ndani ya kanisa. Rafiki yangu wa Mombasa alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti: "We, ushafika kwa kina Vasco? Umemtemea mate kaburini?" Nikamjibu haraka haraka: "Kaka, mahali penyewe hapana maana. Mawe tu." Kisha nikatia simu mfukoni, nikainua macho tena kuangalia dari ya Mosteiro dos Jerónimos, mjini Lisbon, na koo likanikaba.

Nguzo za mle ndani ni nyembamba na ndefu, zinapanda kama minazi, halafu kule juu zinachanua makuti ya mawe yanayoshikana yenyewe kwa yenyewe. Unajiuliza kitu kizito hivyo kinasimamaje bila kukuangukia. Nilikuwa nimesimama pale kama dakika ishirini, shingo inauma, watu wananipita kushoto na kulia. Mawe tu! Sijawahi kuingia mahali pazuri kama pale maishani mwangu.

Sasa kwa nini nilimdanganya rafiki yangu? Swali hilo nimetembea nalo tangu siku ile, na kila nikidhani nimelijibu linanigeukia upande mwingine.

Niseme kwanza mimi ni nani kwenye kisa hiki, maana inahusu. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo ilipogoma. Nikarudi Mombasa, nikawa mmoja wa wale vijana wanaoshinda langoni pa Fort Jesus wakisubiri wageni. Kwa miaka miwili nilitembeza watalii Mji wa Kale na ndani ya ngome, na jina la Vasco da Gama nililitamka labda mara tatu kwa siku. Nilijua miaka yote kichwani: alipita Mombasa na kufika Malindi Aprili 1498, Wareno wakaiteketeza Mombasa 1505, wakarudia 1528, wakaanza kujenga ngome 1593, wakatolewa na Waomani Desemba 1698 baada ya mzingiro wa karibu miaka mitatu. Baadaye kuandika kukaanza kunipa hela kidogo, na kuandika huko huko kukanipeleka Lisbon kwa warsha ya wiki moja. Siku ya mwisho tulikuwa huru. Mtembeza watalii akageuka mtalii.

Nilipanda tramu namba 15 kuelekea Belém, mto Tejo ukiwa mkono wangu wa kushoto. Tejo ni mto kwa jina, lakini karibu na mdomo wake unapanuka mpaka mtu wa pwani anashtuka. Kuna harufu ya chumvi, kuna ndege wa baharini, kuna upepo ule ule wa Mama Ngina jioni, tofauti yake ni kwamba huu unauma. Hapa ndipo walipotokea, nikawaza. Maji haya haya.

Belém pana vitu vingi vya kuona kwa mwendo wa miguu. Kuna mnara wa Torre de Belém, uliojengwa ukingoni mwa mto kati ya miaka ya 1514 na 1519, na kwenye ukuta wake mmoja kumechongwa kichwa cha kifaru, kumbukumbu ya kifaru wa kweli aliyeletwa Lisbon kutoka India mwaka 1515. Kuna duka la vitobosha vya krimu ya mayai vinavyookwa hapo tangu 1837, na foleni yake ni kama ya siku ya mwisho ya kusajili laini za simu. Nilikula vitatu. Unanyunyizia mdalasini juu. Cha tatu ndicho kilichonikumbusha kwamba mdalasini haumei Ureno. Nikakimaliza vile vile.

Unaona basi shida yangu ilivyoanza. Ilianzia mdomoni kabla ya kufika machoni.

Mosteiro dos Jerónimos ilianzwa na Mfalme Manuel wa Kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1500, na pesa zake zilitoka hasa kwenye ushuru wa asilimia 5 uliotozwa biashara ya Afrika na Mashariki. Ukiingia kanisani, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama. Amelazwa kwa jiwe, mikono ameikutanisha kifuani kama mtu anayeomba dua. Alifia Cochin, India, mwaka 1524, na mabaki yake yalihamishiwa hapa 1880. Ng'ambo ya pili, kulia, kuna kaburi la Luís de Camões, mshairi aliyeandika utenzi wa safari hiyo, uliotoka 1572. Humo Mombasa ni mji wa hila na Malindi ni mji wa ukarimu. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama katikati ya mtu aliyetujia na mtu aliyetusimulia, na juu yangu kuna dari linalonitoa machozi. Ndipo ule ujumbe ukaingia.

Kuna majibu mawili mepesi kwa hali kama hii, na yote mawili nimeyajaribu.

La kwanza linasema: hukupaswa kuingia. Tikiti yako ni mchango kwa mwizi, na machozi yako ni usaliti. Ninaliheshimu jibu hili kwa sababu linatokana na uchungu wa haki. Lakini ukilifuata mpaka mwisho wake, linakufungia hata nyumbani. Ile milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, tunayoipenda kwenye kalenda, mingi ilinunuliwa kwa pesa za karafuu, na karafuu zililimwa na watumwa. Fort Jesus yenyewe, ambapo maharusi wetu hupigia picha, ilikuwa jela ya Waingereza kuanzia 1895 hadi 1958. Ukisema utapenda tu jengo ambalo halikumtoa mtu damu, utabaki na majengo machache sana ya kupenda, na pengine hata hayo ni kwa sababu hujaulizia vizuri.

Najua pia hoja hiyo hutumiwaje. "Kila mtu aliiba" ni hoja ya mwizi. Mtu akishaisema, hutaka mazungumzo yaishie hapo. Mimi siitaji ili kumtakasa yeyote. Naitaja kwa sababu usafi hauwezi kuwa kipimo, maana hakuna jicho lililo safi.

Jibu la pili linasema: uzuri ni uzuri, ya kale yamepita, furahia ulichokilipia. Hili nalo nililijaribu pale pale, nikiwa nimeinua shingo. Nikajiambia, fundi aliyechonga nguzo hii hakwenda Kilwa wala Mombasa, alikuwa mtu wa patasi tu anayetafuta riziki. Niache niipende kazi ya mikono yake.

Ila kazi yenyewe ilikataa kunisaidia. Ukikaribia zile nakshi, unaona zimechongwa kamba za merikebu, mafundo ya mabaharia, matumbawe, na zile tufe za pete walizotumia kusomea mbingu. Waliojenga hawakuona haya ya walikotoa pesa. Waliichonga bahari ukutani kwa fahari, kama mtu anayeacha risiti mezani ili kila mgeni aione. Kwa hiyo anayesema "mimi naangalia uzuri tu" hajauangalia vizuri. Historia haikubandikwa juu ya jengo na watu wenye uchungu kama sisi. Imo ndani ya jiwe.

Nilitoka, nikavuka kwenda ukingoni mwa mto, kwenye Padrão dos Descobrimentos, mnara wa wale wanaoitwa wavumbuzi. Una umbo la merikebu, zaidi ya mita 50 kwenda juu, na watu 33 wamechongwa wakipanda kuelekea majini, mbele kabisa mwana wa mfalme Henrique. Kati yao wote mwanamke ni mmoja. Chini, kwenye sakafu ya uwanja, kuna dira kubwa ya mawe, upana wake mita 50, na katikati yake ramani ya dunia yenye tarehe za kufika kwa Wareno huku na huko. Dira hiyo ilikuwa zawadi kutoka Afrika Kusini, ile ya ubaguzi wa rangi. Watoto walikuwa wakiruka kutoka bara hadi bara. Mwanamume mmoja alisimama juu ya Afrika, akatabasamu, akapigwa picha.

Hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, sikuhisi mvutano wowote. Sikuupenda ule mnara hata kidogo, na nikajiuliza ni kwa nini. Wafu ni wale wale, safari ni ile ile, na jirani yake nimetoka kumlilia sasa hivi.

Nadhani ni kwa sababu ya mwaka. Mnara huu si wa zamani. Ulitengenezwa kwanza mwaka 1940 kwa ajili ya maonyesho, ukabomolewa, ukajengwa upya kwa zege mwaka 1960, chini ya udikteta wa Salazar. Mwaka 1960! Mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, huyu anamwaga zege kusema hatoki. Mwaka uliofuata vita vya ukombozi vikalipuka Angola. Jerónimos ni mali iliyotokana na dhuluma. Padrão ni hotuba ya kuisifu dhuluma, iliyotolewa wakati waliodhulumiwa tayari wanasema imetosha. Tofauti hiyo ni kubwa kimaadili. Kitu kilichojengwa kwa pesa chafu kinaweza kuishi maisha mengine na kupata maana mpya. Kitu kilichojengwa ili kusema uongo, ukikiondolea uongo wake hakibaki na la kusema.

Ukiwa pale, ukitazama upande wa mashariki, unaona daraja jekundu limevuka mto. Lilifunguliwa 1966 kwa jina la Salazar. Mwaka 1974, Aprili 25, wanajeshi waliochoka na vita vya Afrika waliipindua serikali, na watu wakaweka maua kwenye bunduki. Daraja hawakulivunja. Walilibadilisha jina likawa 25 de Abril, na magari yakaendelea kupita. Nililitazama muda mrefu. Kumbe hata wao walishawahi kujiuliza swali langu, na jibu lao moja lilikuwa hili: chuma kibaki, hadithi ibadilike.

Saa za mchana nikaenda Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho lililo kwenye mwinuko juu ya bandari. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kuona. Nilikuwa nimekisoma miaka ile ya ngome, na wageni wangu nilikuwa nikiwaambia kipo, bila kuwahi kukiona: Custódia de Belém, chombo cha dhahabu cha kuonyeshea mkate mtakatifu wa ibada ya Kikatoliki. Urefu wake ni sentimita 70 na ushei. Mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kuzunguka, nguo zao zina rangi, kila mmoja na uso wake. Na chini, kwenye kitako, kuna maandishi yanayosema wazi kwamba Mfalme Manuel aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Kilwa yetu. Ile ya misikiti ya matumbawe, ambayo Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331 akaisifu. Vasco da Gama alifika huko mwaka 1502, kwenye safari yake ya pili, akamtisha mtawala wake kwamba akikataa kulipa mji utachomwa. Wakalipa. Kwenye safari hiyo hiyo, baada ya kuondoka pwani yetu, aliikamata meli ya mahujaji waliokuwa wakirudi kutoka Makka, ikiwa na mamia ya watu, wanawake na watoto wakiwemo, akaichoma moto nao wakiwa ndani. Na mwaka 1505, wakati sonara wa Lisbon pengine bado anawapangusa mitume wake, Wareno walirudi Kilwa wakaipora. Walilipa, na bado walivamiwa.

Nilitaka nisikione kizuri. Wallahi nilijaribu. Lakini ni kizuri. Tena kizuri kwa namna ya kunyenyekea, kidogo kidogo, kama kitu kilichotengenezwa na mtu aliyeamini kweli kwamba Mungu atakaa humo.

Kirudishwe? Nilifika na jibu tayari mdomoni, lakini mbele ya kile kioo nikaanza kuhesabu. Kirudi Kilwa? Dhahabu ya Kilwa ilitoka Sofala, na Sofala iliipata kutoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe ya leo. Aliyeichimba hakuandikwa popote. Bado naamini mazungumzo ya kurudisha ni ya lazima, na ugumu wa kumpata mwenye mali haumfanyi aliyeichukua kuwa mwenyewe. Ila niligundua kwamba hata nikishinda hoja hiyo, jina la mchimbaji sitakuwa nalo, na kwamba mimi, Mswahili wa mjini, katika kisa hiki ni mtoto wa dalali pia.

Kutoka hapo nilitembea kuingia mjini hadi mtaa unaoitwa Rua do Poço dos Negros, yaani mtaa wa kisima cha watu weusi. Mwaka 1515, Mfalme Manuel yule yule, mwenye kanisa, mwenye mnara, mwenye chombo cha dhahabu, aliagiza lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zikiachwa ovyo nje ya mji. Wengi husema jina la mtaa limetokana na shimo hilo. Nilitembea toka mwanzo hadi mwisho. Kuna mikahawa, kuna nguo zinaning'inia madirishani. Hakuna nguzo, hakuna mtume, hakuna foleni. Hapakuwa na cha kupiga picha.

Pale ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikinisumbua tangu asubuhi. Kosa halikuwa kulia kwenye kanisa. Kosa ni kuacha machozi yaamue safari inaishia wapi. Uzuri una nguvu ya kukushika mkono na kukupeleka unakotakiwa, kutoka nguzo hadi mnara hadi vitobosha, mpaka jioni inafika na unaamini umeuona mji. Ukitaka kulifika shimo, lazima ujivute mwenyewe, maana hakuna kinachokuita huko. Anayetazama ana deni, na deni lenyewe ni hilo: afike hadi pasipo na kitu cha kutazama.

Ningeishia hapo ningeondoka Lisbon nikiwa mtu mwema sana. Lakini usiku ule, kwenye hosteli, nilikumbuka kazi yangu ya langoni.

Kisa nilichokipenda kuliko vyote kuwasimulia wageni kilikuwa cha Yusuf bin Hasan. Mtoto wa sultani wa Mombasa, Wareno walimuua babake, wakamchukua Goa, wakambatiza jina la Jerónimo, wakamrudisha aje awe sultani wao. Mwaka 1631 akaingia ngomeni, akamuua kapteni, akarudia Uislamu wake, akauchukua mji. Nilikuwa nakisimulia hicho kisa nikiwa nimesimama juu ya ukuta, mkono nimeuelekeza baharini, na bakshishi ilikuwa haikosi. Ambacho sikuwahi kukitaja ni siku zilizofuata. Wareno wa mjini waliuawa, na pamoja nao Waafrika waliokuwa Wakristo, wanawake na watoto wakiwemo, walipokataa kubadili dini. Nilikijua. Nilikiruka kila siku kwa miaka miwili, kwa sababu kilikuwa kinaharibu kisa kizuri.

Sisemi mambo haya yako sawa kwenye mizani. Aliyevamiwa na aliyevamia si ndugu, na waliokwenda kwa watu kwa mizinga walikuwa wao. Lakini mtoto aliyekufa Mombasa 1631 hajui mizani hiyo, kama vile hakuijua mtoto aliyeungua ndani ya ile meli mwaka 1502. Mimi nilikuwa nimejenga mnara wangu mdogo wa zege pale ukutani, wa maneno, na nilikuwa nikitoza kiingilio.

Na ule uongo wangu wa kanisani ulikuwa wa ukoo huo huo. Kusema "mawe tu" kulikuwa kukirahisisha kisa ili mimi nitoke nikiwa upande unaofaa. Rafiki yangu alistahili kujua kwamba kitu kilichotokana na mateso yetu kinaweza kuwa kizuri hivyo, kwa sababu hilo ndilo jambo la kuogofya zaidi. Kama wizi ungezaa ubaya tu, ingekuwa rahisi sana kuutambua.

Niliporudi Mombasa nilimtafuta, tukakaa kwenye kahawa chungu, nikamweleza yote: dari, machozi, dhahabu, shimo, na Yusuf. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Alicheka kidogo pale pa vitobosha vitatu. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Hayo ya kanisa nimekuelewa, kaka. Lakini hiyo ya watoto wa 1631 usiwaambie wageni. Watatunyima bakshishi."

Nikamwambia pengine watatunyima kweli. Yeye bado yuko pale langoni, ana wawili shuleni, na mimi siku hizi naandika tu. Hatukukubaliana. Alilipia kahawa, akaondoka kuwahi kundi la saa kumi.